Aliyetoka Kundini Ametoka na Ufunguo

Kijijini kwetu, ukanda wa Kaisho, wilaya ya Kyerwa, kikundi cha akiba na mikopo cha mama yangu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kama umewahi kukaa kwenye VICOBA hata siku moja, sanduku hilo unalijua. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na kati yao hayumo mwenyekiti wala mweka hazina. Sanduku lenyewe linalala nyumba nyingine kabisa. Ili lifunguliwe, lazima wote watatu wafike, na wanalifungua mbele ya kikundi kizima.

Miaka michache iliyopita mmoja wa watunza funguo aligombana na wenzake juu ya marejesho ya mkopo, akajitoa. Jioni ileile, kabla giza halijaingia, wakamtuma kijana wa bodaboda akanunue kufuli mpya. Nilimuuliza mama, kwani si amerudisha ufunguo wake? Akanijibu, "Mwanangu, ufunguo amerudisha. Nani anajua kama hajachonga mwingine?"

Basi, kwa upande wa sanduku mambo yakaisha. Kwa upande wa simu hayakuisha. Kikundi kina kundi lake la WhatsApp, na humo katibu hutuma orodha kila wiki: nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa kiasi gani, nani kachelewa kurejesha. Yule bwana hakuondolewa. Hakuna aliyekumbuka. Kwa karibu miezi minne aliendelea kusoma kila kitu kimyakimya, mpaka siku ambayo deni la mama mmoja aliyekopa ada ya mtoto likawa hadithi ya gulioni. Yule mama aliona aibu, akaacha kuja vikaoni, mwishowe akajitoa. Haikupotea hata shilingi moja. Aliyepotea ni mwanakikundi.

Mimi nasoma mitandao ya kompyuta, na katika fani yetu kuna somo zima linaloitwa usimamizi wa funguo za kundi. Ukilifungua kwenye vitabu limejaa alama za hesabu hadi unataka kulala. Lakini swali lake ni lilelile la kikundi cha mama: mtu akitoka, au akiingia, ufunguo unabadilishwaje kwa wote, haraka, bila aliyetoka kuupata? Na historia yake inapita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani. Imepita Bukoba, imepita Mombasa, na sasa imekaa kwenye simu ya mama.

Kwanza, tatizo lenyewe

Kusimba ujumbe maana yake ni kuuvuruga kwa utaratibu fulani, ili anayeuona njiani asielewe kitu. Utaratibu wenyewe unaweza kujulikana na kila mtu. Kufuli zinauzwa dukani na yeyote anaweza kuzichunguza. Siri inakaa kwenye ufunguo, ambao kwa kompyuta ni namba ndefu tu.

Watu wakiwa wawili, kazi ni nyepesi: wanakubaliana ufunguo mmoja, basi. Sasa chukua kikundi cha watu 32. Njia ya kwanza ni kila mtu awe na ufunguo wake na kila mwenzake. Piga hesabu: 32 mara 31, gawa kwa 2, unapata funguo 496. Na kila tangazo moja inabidi lifungwe mara 31, moja kwa kila msikilizaji. Ni usumbufu mtupu.

Njia ya pili ni wote 32 watumie ufunguo mmoja. Hapo tangazo linafungwa mara moja tu na wote wanalifungua. Raha kabisa, mpaka siku mtu mmoja anatoka. Anatoka na ufunguo kichwani, au simuni, au mfukoni. Ufunguo wa zamani haufai tena. Na huwezi kutangaza ufunguo mpya kwa kuufunga na ule wa zamani, maana aliyetoka naye ataufungua. Inabidi uwapelekee waliobaki mmoja mmoja, mara 31.

Kuna na upande wa pili. Anayeingia leo, je, asome yaliyosemwa mwaka jana? Vikundi vingi vitasema hapana. Kwa hiyo ufunguo unatakiwa kubadilika mtu anapotoka, ili asisome yajayo, na unatakiwa kubadilika mtu anapoingia, ili asisome yaliyopita. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyowasumbua watu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mnara wa Bukoba, 1915

Zamani ujumbe ulikuwa na mbebaji. Ukitaka kujua kilichomo, umkamate tarishi au uukate waya. Redio ilibadilisha mambo. Wimbi la redio halina pasipoti; linamfikia rafiki na adui kwa pamoja. Sisi wa mpakani hilo hatuhitaji kufundishwa: ukipanda kilima fulani simu yako inashika mtandao wa Uganda au Rwanda bila kukuomba ruhusa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Wajerumani walikuwa na vituo vya redio katika koloni lao la Afrika Mashariki, vikiwemo vya Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Waingereza walivitaka vinyamaze. Agosti 1914 meli yao ya kivita Astraea iliishambulia Dar es Salaam, na mnara wa redio ulikuwa moja ya shabaha zake. Juni 1915 ikafika zamu ya Bukoba. Askari wao walisafiri kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka ufukweni karibu na mji, na baada ya mapigano ya siku mbili, tarehe 23 Juni, Bukoba ikaanguka. Kituo cha redio kikabomolewa, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli wakarudi zao. Hawakuja kuitawala Bukoba. Walikuja kwa ajili ya mnara.

Lakini angalia jambo moja. Adui anayekubomolea mnara unamwona. Moshi unauona. Kuna adui mwingine anayeuacha mnara wako usimame, akakaa kimya, akasikiliza. Huyo humwoni, na wakati Bukoba inaungua alikuwa tayari kazini London.

Kitabu kimoja kwa meli zote

Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa kundi kubwa lililotawanyika baharini, na lilitumia vitabu vya msimbo. Neno la Kijerumani unaliangalia kitabuni, unapata herufi za kutuma. Nakala za kitabu kilekile zilikuwa kwenye meli nyingi. Ndiyo ile njia yetu ya pili: wote ufunguo mmoja.

Tarehe 26 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Magdeburg ilikwama kwenye kisiwa kimoja cha pwani ya Estonia ya leo. Warusi wakaikuta na vitabu vyake. Nakala moja wakawapa washirika wao Waingereza, ikafika London Oktoba mwaka huohuo. Ilipelekwa kwenye ofisi iliyokuja kujulikana kwa namba ya mlango wake tu, Chumba namba 40. Kuanzia hapo Waingereza walikuwa, tuseme, wanachama wa kundi ambao hakuna aliyewasajili.

Wajerumani hawakuwa wajinga. Juu ya kitabu waliweka jedwali la kuvuruga zaidi, na jedwali hilo walilibadilisha mara kwa mara. Ila kitabu chenyewe kiliendelea kutumika kwa miaka, na mwenye kitabu mkononi alikuwa na pa kuanzia kila jedwali jipya lilipokuja. Kwa nini hawakukibadilisha mara moja? Jiulize ungefanyaje wewe. Meli ziko Bahari ya Kaskazini, nyingine ziko mbali zaidi. Königsberg, kwa mfano, ilikuwa imefungiwa kwenye delta ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa Julai 1915. Meli ya namna hiyo utaipelekeaje kitabu kipya kutoka Ujerumani, na bahari yote inalindwa na adui? Na ukiwapa kitabu kipya baadhi tu, wengine wakabaki na cha zamani, kundi limekatika vipande viwili visivyosikilizana.

Kwa hiyo mtu anayeendesha kundi kubwa anashawishika kusema, "Tuendelee na hiki kwanza." Neno hilo "kwanza" limeuza siri nyingi.

Kilindini, 1942

Sasa tuhamie Mombasa, kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Waingereza walikuwa na kitengo cha kusikiliza na kufumbua misimbo ya Wajapani. Kilianzia Hong Kong, kikahamia Singapore mwaka 1939, na Januari 1942, Singapore ikielekea kuanguka, kikakimbilia Colombo. Aprili 1942 ndege za Wajapani zikaishambulia Colombo nayo. Kitengo kikavuka Bahari ya Hindi, kikatua Kilindini. Kilipewa jengo la shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari. Shule hiyo ipo mpaka leo. Wanafunzi wa Mombasa wanaipita kila siku, na nadhani wengi hawajui kwamba madarasa yale yaliwahi kujaa watu wanaokuna vichwa juu ya tarakimu za Kijapani.

Msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, ambao wapinzani wao waliuita JN-25, ulifanya kazi hivi: kila neno lilikuwa na namba ya tarakimu tano kwenye kitabu. Kabla ya kutuma, uliijumlishia namba nyingine kutoka kwenye kitabu cha pili. Vitabu hivyo viwili ndivyo vilikuwa ufunguo wa kundi zima.

Wajapani walijua kwamba vitabu vikikaa muda mrefu vinachakaa, yaani adui anazidi kukusanya mifano. Walipanga kuvibadilisha tarehe 1 Aprili 1942. Lakini ushindi wao wenyewe uliwaponza. Ndani ya miezi minne walikuwa wameenea kutoka Burma mpaka visiwa vya Pasifiki, na vitabu vipya vilitakiwa kufika kote huko, kwa mkono, kwa meli. Havikufika kwa wakati. Mabadiliko yakasogezwa hadi 1 Mei. Yakasogezwa tena hadi mwishoni mwa Mei. Katika wiki hizo za ziada Wamarekani walisoma sehemu ya kutosha ya ujumbe wao kujua kwamba shambulio kubwa linakuja Midway. Tarehe 4 Juni 1942 walikuwa wanawasubiri. Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege. Vitabu vipya vilikuwa vimeanza kutumika siku chache tu kabla, mipango yote ikiwa imeshasemwa kwa vitabu vya zamani.

Kilindini wenyewe walipata ushindi wao kwenye msimbo mwingine, JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo za Wajapani. Kwa muda mrefu ulikuwa umewashinda. Septemba 1942 watumaji walifanya kosa la wazi la matumizi, na watu wawili wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakapata mwanya. Kufikia Novemba walikuwa wanausoma ujumbe kadiri unavyoingia. Meli ya mizigo au ya askari ikitaja njia yake, njia hiyo ilijulikana Mombasa. Mwaka 1943 kitengo kilirudi Colombo.

Ukiyaweka pamoja mambo haya, unaona kitu. Midway haikuhitaji Wajapani wawe na msimbo mbovu. Kufuli ilikuwa nzuri. Kilichowashinda ni kuipeleka funguo mpya kwa kundi kubwa, kwa wakati mmoja.

Kundi linapohamia kwenye waya

Baada ya vita, kompyuta zilifanya kufuli ziwe ngumu kupita kiasi. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walitangaza njia ya ajabu: watu wawili ambao hawajawahi kukutana wanaweza kukubaliana ufunguo wa siri wakiongea hadharani, adui akisikia kila neno. Hapo ule usumbufu wa kubeba vitabu kwa meli ukapungua sana, ila kwa watu wawili. Swali la kundi likabaki pale pale.

Na makundi yalizidi kukua. Mfano ulio karibu nawe ni king'amuzi. Pale Kaisho kibanda cha kuonyesha mpira kinapofunga kwa sababu kifurushi kimeisha, mawimbi ya setilaiti hayajaacha kuangukia paa lake. Yanaangukia mapaa yote, ya waliolipa na wasiolipa. Kinachotofautisha ni funguo zilizomo kwenye kadi au ndani ya king'amuzi, na funguo za kufungulia picha zenyewe hubadilishwa kila baada ya sekunde chache. Hilo ni kundi la mamilioni ambalo kila siku watu wanaingia na kutoka. Mwaka 1993 Amos Fiat na Moni Naor waliandika makala iliyolifanya jambo hili kuwa somo rasmi la hesabu: jinsi ya kutangazia umma mzima huku ukiwazuia wachache uliowachagua.

Intaneti nayo ilikuwa inajifunza kutangazia kundi. Waraka wa Steve Deering wa mwaka 1989 uliweka kanuni za kompyuta moja kutuma pakiti moja, na mtandao wenyewe kuinakili kwa wote waliojiunga. Vizuri sana kwa mhadhara au mkutano. Lakini kanuni zile zilimruhusu yeyote kujiunga, kama redio. Ukitaka faragha, ulete funguo zako. Na hapo tukarudi kwenye hesabu yetu ya 31, safari hii ikiwa ni maelfu.

Balozi wa nyumba kumi

Tanzania ina mfano mzuri wa kupeleka habari kwa wengi. Tangu miaka ya 1960 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi. Habari inatoka juu, inafika kwa balozi, balozi anawafikishia watu wake. Hakuna anayezunguka nyumba elfu moja peke yake.

Mwaka 1997 Suvo Mittra alipendekeza mfumo alioupa jina Iolus, na ukiutazama ni ubalozi mtupu. Kundi kubwa linagawanywa vikundi vidogo, kila kimoja na ufunguo wake na msimamizi wake. Mtu akitoka, unabadilishwa ufunguo wa kikundi chake tu, wengine hawasumbuliwi. Ujumbe unapotoka kikundi kimoja kwenda kingine, wasimamizi ndio wanaoupitisha, wakifungua kwa ufunguo huu na kufunga kwa ule.

Udhaifu wake unaujua hata bila kusoma kompyuta. Balozi akiwa mbea je? Yeye anashika funguo za pande mbili. Akinunuliwa, au akikamatwa, siri za watu wake zimekwenda.

Mwaka uliofuata, 1998, Chung Kei Wong, Mohamed Gouda na Simon Lam wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha njia ya kupata faida ya ubalozi bila balozi. Wazo hilohilo liliandikwa pia na Wallner, Harder na Agee kwenye waraka wa RFC 2627 wa mwaka 1999. Linaitwa mti wa funguo. Hebu tulijaribu na watu wanane tu, tuwaite namba 1 mpaka 8.

Kila mtu anashika funguo nne. Mmoja ni wake peke yake. Wa pili anaushika na jirani yake mmoja: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Wa tatu ni wa watu wanne: 1 mpaka 4, au 5 mpaka 8. Wa nne ni wa wote wanane, na ndio unaofunga mazungumzo.

Namba 8 akitoka, anaondoka akijua funguo tatu za pamoja: wa wawili, wa wanne na wa wote. Hizo tatu zitupwe. Namba 7 anapelekewa ufunguo mpya wa wawili ukiwa umefungwa kwa ufunguo wake binafsi. Huo ni ujumbe wa kwanza. Ufunguo mpya wa wanne unafungwa mara mbili: kwa ule mpya wa namba 7, na kwa ule wa 5 na 6 ambao namba 8 hakuwahi kuujua. Ujumbe wa pili na wa tatu. Ufunguo mpya wa wote unafungwa mara mbili pia: kwa ule mpya wa wanne, na kwa ule wa 1 mpaka 4. Wa nne na wa tano. Jumla tano, na zote unaweza kuzitangaza hadharani. Namba 8 atazisikia na hataambulia kitu.

Utasema, tano badala ya saba, ni nafuu gani hiyo? Subiri kundi likue. Kwa watu 1,024, njia ya mmoja mmoja inataka ujumbe 1,023. Mti unataka 19. Kwa watu zaidi ya milioni moja, 1,048,576 kwa usahihi, mti unataka 39 tu. Kila kundi likiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka kwa ujumbe mbili basi. Makamanda wa Japani mwaka 1942 wangetoa chochote kupata hesabu hiyo.

Inabaki kasoro moja: mti huu una mwenye mti, mtu au kompyuta moja inayotengeneza funguo zote na kuzijua zote.

Simu ya mama

Aprili 2016 WhatsApp walitangaza kwamba mazungumzo yote, ya makundi yakiwemo, yanasimbwa kutoka simu hadi simu. Kwenye makundi utaratibu wao ni huu: kila mwanakundi anatengeneza ufunguo wake wa kutumia anapotuma, na anawapelekea wenzake mmoja mmoja kwa njia ya siri ya watu wawili. Baada ya hapo kila ujumbe wake anaufunga mara moja tu. Mtu akitoka kundini, wote waliobaki wanazitupa funguo zao za kutumia na kuanza upya. Kundi la 30 likibaki na 29, hiyo ni 29 mara 28, yaani mizigo midogo 812 ya funguo, kila mmoja akipeleka yake anapotuma tena. Simu inafanya hivyo wakati wewe unamenya ndizi. Huoni chochote.

Kwa makundi makubwa zaidi, ule mti umerudi. Julai 2023 IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, ilitoa itifaki ya MLS, waraka wa RFC 9420. Ndani yake kuna mti wa funguo usio na mwenye mti: wanakundi wenyewe ndio wanaobadilisha matawi yao, na imelengwa kwa makundi ya watu wawili mpaka maelfu.

Je, tatizo limekwisha? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, nchini Ujerumani, walitoa utafiti juu ya makundi ya WhatsApp na programu nyingine mbili. Walionyesha kwamba kwenye WhatsApp, anayeidhibiti seva angeweza kumwingiza mtu kundini bila idhini ya admini. Taarifa kwamba mtu mpya ameingia ingeonekana, lakini simu za wote zingempa funguo kwa utii. Kufuli haikuvunjwa. Kilichoguswa ni orodha ya wanachama. Anayeishika orodha ndiye anayegawa funguo.

Na hapo ndipo namrudia yule bwana wa kikundi cha mama. Hakuvunja chochote. Hesabu zote za mwaka 1976 na 2016 zilikuwa zinafanya kazi simuni mwake, sawasawa kabisa. Kila orodha ya mikopo ilisimbwa vizuri, ikasafiri salama kupita minara yote, ikamfikia yeye, ikafunguka. Maana kwenye orodha ya kundi bado alikuwa mwanachama. Hakuna hesabu inayoweza kujua kwamba mtu amegombana na wenzake na kutoka nje ya kikao. Hilo linajulikana na watu, na watu ndio wa kuiambia simu.

Nilipomweleza mama haya yote, kuanzia mnara wa Bukoba, alisikiliza kwa subira, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo kumtoa mtu kwenye simu ndiyo kubadilisha kufuli?" Nikamwambia ndiyo, simu zenu zitafanya zinazobaki. Akasema basi mbona hamkutuambia mapema.

Kikao kilichofuata walipitisha kanuni mpya, na katibu akaiandika daftarini chini ya ile ya sanduku. Mtu akijitoa au akifukuzwa, mambo matatu yanafanyika kabla kikao hakijafungwa: kufuli inabadilishwa kama alikuwa mtunza ufunguo, namba ya siri ya akaunti ya simu ya kikundi inabadilishwa, na anaondolewa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wote. Admini wawe wawili, ili mmoja akipoteza simu mwingine awepo. Na mwanzo wa kila mwezi mtu mmoja anasoma majina ya kundi kwa sauti, kama mahudhurio ya shule, wengine wanasikiliza kama kuna jina lisilotakiwa kuwepo.

Yule mama aliyeaibishwa walikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Alizipokea. Kikundini hajarudi.

Leo jioni, ukiwa na dakika tano, fungua kundi lako la familia, la darasa, la kikundi cha akiba, usome majina. Ukikuta namba usiyoijua, uliza ni ya nani.